Breki Kabla ya Injini

Watu wa Upare tangu kale hawakuwa watu wa kutupa chuma. Kabla majembe ya dukani hayajafika kutoka Ulaya, wahunzi wa ukoo wa Washana katika milima ya Ugweno, kaskazini mwa nchi yetu, walikuwa wakikusanya mchanga mweusi ulioachwa na maji ya vijito, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto, wakatoa humo majembe na silaha ambazo Wachaga, pamoja na ufahari wao wote wa migomba na mifereji, walilazimika kuzifuata kwetu. Isaria Kimambo, mwana wa Upare aliyechapisha tarehe ya siasa ya Wapare katika mwaka 1969, ameeleza jinsi Washana hao walivyoshika utawala wa Ugweno mpaka Wasuya walipowapindua. Basi chuma kwetu kiliwahi kuwa enzi. Nalitaja jambo hili mapema ili msomaji asidhani kuwa mwalimu wa shule ya msingi anayekaa uani mwake Kisiwani jioni baada ya jioni, akikwangua kutu ya gari lisilotembea, amepatwa na wazimu mpya. Yamkini amerithi ule wa wazee wake.

Kisiwani iko chini ya milima ya Upare ya Kusini, upande wa mashariki, katika njia itokayo Same kwenda Gonja, Ndungu na Mkomazi. Nyuma yetu imesimama milima ambayo kilele chake cha Shengena kinapita mita 2,400. Mbele yetu imetandaa nyika ya Mkomazi, iliyotengwa kuwa hifadhi ya wanyama tangu mwaka 1951. Maji hutushukia kutoka juu na vumbi hutujia kutoka chini, na katika nchi ya namna hii gari lililoegeshwa hufa polepole sana, kwa maana ukavu wa nyika huichelewesha kutu. Ndiyo maana Land Rover ya baba mkubwa, iliyokaa chini ya mwembe tangu mimi ni kijana mpaka nikawa baba wa watoto watatu, ilikuwa bado na chesesi iliyogongwa kwa nyundo ikajibu kwa sauti ya chuma kizima.

Ilikuwa ya toleo la pili A, lenye inchi 109 baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma, aina iliyotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1961 na 1971. Baba mkubwa aliinunua mnadani, na tangu siku ile gari likawa la mtaa mzima: lilipeleka mpunga sokoni, likawashusha maharusi kutoka milimani, likawafikisha wajawazito hospitali ya Gonja usiku wa manane, likawarudisha marehemu makwao. Chini ya kiti ililala ekseli ya akiba, kwa kuwa kila dereva wa Land Rover za zama zile alijua kwamba ekseli za nyuma hukatika gari likilemewa mlimani, na mwenye busara hakungoja zikatike ndipo atafute nyingine. Kisha ikaja miaka ya dhiki. Bei ya petroli ilikuwa imekwisha panda, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikakomba fedha za kigeni, magari ya watu binafsi yakakatazwa kutembea alasiri za Jumapili, na kipuri kikawa kitu cha kuulizia kwa minong'ono. Gasketi ya silinda hedi ilipoungua, baba mkubwa alitafuta nyingine Same, Moshi na Tanga asiipate. Akalisukuma gari chini ya mwembe kwa nia ya kungoja kidogo, nalo likakaa hapo hata yeye akafariki, watoto wake wakaoa na kuolewa, na wajukuu zake wakajifunza kuhesabu kwa kusoma namba za usajili wake.

Nilipohamishiwa shule iliyo karibu na nyumbani, niliomba shauri la ukoo, na wazee wakaniruhusu kulitengeneza kwa sharti kwamba lisiuzwe nje ya ukoo, wala lisinyimwe mwenye msiba. Masharti ya mke wangu yalikuwa mazito zaidi. Alitaka kwanza kwamba fedha ya ada na ya chakula isiguswe. Alitaka pili kwamba nyundo zisilie katika nyakati za ibada za jirani yeyote. La tatu alilisema akiwa amesimama mbele ya gari, mtoto wetu wa mwisho mgongoni: "Baba, mimi sina ugomvi na gari la baba mkubwa. Lakini gari litakalonguruma mbele ya watoto wangu kabla halijajua kusimama, hilo silitaki hapa uani."

Sharti la pili si dogo kama linavyosikika. Katika kijiji chetu wako Waislamu, wako Walutheri, na wako Wasabato, ambao misheni yao ya kwanza katika nchi hii ilianzishwa Giti, juu yetu huko Mamba, mwaka 1903. Mtu mwenye nyundo, akiwa na adabu, hukuta kwamba Ijumaa mchana si yake, Jumamosi si yake, na Jumapili asubuhi si yake. Siku nyingine ana shule, na baada ya shule ana jaruba la mpunga linalomngoja na madaftari ya wanafunzi yanayotaka kusahihishwa. Kilichobaki ni vipande vya jioni baina ya kahawa na giza. Mwenye gereji mjini angesema kuwa wasaa wa namna hiyo haufai kitu. Mimi nilikuja kuuona kuwa ndio wasaa unaoifaa kazi yenyewe, na sababu zake nitazieleza kwa utaratibu wake.

Nianze na breki, kwa kuwa ndiko nilikoanzishwa. Kwa desturi, na kwa matamanio ya kila mwenye gari bovu, kazi huanzia kwenye injini, maana sauti ya injini ni bishara, na moyo wa binadamu hupenda bishara kuliko usalama. Sisi tuliinua gari kwa jeki, tukaliegemeza juu ya magogo ya mkwaju, tukavua magurudumu, tukakuta dramu zote nne zimeshikwa na kutu. Alikuwako mzee mmoja aliyefanya kazi ujana wake katika gereji ya shamba la mkonge, ambaye alizoea kupita jioni, kupokea shikamoo za watoto na kuketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, asishike spana ila pale mikono yetu ilipokwisha kushindwa. Tulipoifungua silinda ya kwanza ya breki aliichungulia akasema, "Mwalimu, humu ilipita sabuni." Akatueleza kuwa katika miaka ya uhaba, mafuta ya breki yalipokosekana, baadhi ya madereva walitia maji ya sabuni, gari lilisimama siku ile, na silinda zikaoza siku zilizofuata. Ikatupasa kubadili silinda zote, kutia mipira mipya, na kukunja upya mabomba membamba ya chuma yaliyopita kando ya chesesi.

Hapo ndipo nilipotambua kwa nini sharti la mke wangu lilikuwa na hekima kuliko nilivyolidhania siku alipolitoa. Kutoa hewa katika mabomba ya breki ni kazi isiyofanywa na mtu mmoja: yupo wa kukanyaga pedali, yupo wa kulala chini na kulegeza kile kichuchu nyuma ya gurudumu, yupo wa kuangalia mafuta yasikauke katika kopo la juu. Kila jioni kwa muda fulani uani kwetu palisikika "Kanyaga!" na "Achia!", na mwanangu wa kiume, ambaye miguu yake ilifika pedali kwa shida, alikuwa na cheo asichokubali kumwachia mtu. Laiti tungalianza na injini, ningalikuwa fundi na wao watazamaji. Kwa kuanza na breki, nyumba nzima iliingia katika kazi kabla gari halijatoa sauti yoyote ya kuwavuta.

Safari ya kwanza ya gari lile, kwa hiyo, ilifanywa bila injini. Uani kwetu pana mteremko mdogo ushukao mpaka langoni. Watoto na vijana wa jirani walisukuma, mimi nikashika usukani, na mke wangu akasimama karibu na lango kwa ikhtiyari yake mwenyewe. Gari likashuka, likakanyagwa breki, likasimama. Jirani mmoja akacheka akasema hajapata kuona gari lililojifunza kusimama kabla ya kwenda. Mke wangu hakucheka. Alilizunguka gari, akatazama kila gurudumu, akasema, "Sasa nendeni kwenye injini."

Injini hiyo ina silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, nayo haikuzunguka hata kidogo. Yule mzee alinikataza kutumia nguvu: pistoni ni za aluminiamu, ringi zake ni za chuma kikavu kinachokatika upesi, na silinda ni za chuma cha kuyeyushwa, vitu vitatu vya tabia tatu vilivyogandamana kwa miaka mingi haviachanishwi kwa ghadhabu. Tukafungua plagi, tukamimina dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi katika kila tundu, tukaacha iloweke. Kisha tukapata msiba huko Mamba upande wa wakwe zangu, tukapanda milimani sote kwa matanga; tuliporudi mpunga ulikuwa umeiva, na ndege hawangoji mtu amalize shughuli zake. Muda huo wote oili ilikuwa ikipenya pasipo kusimamiwa na mtu. Tulipoingiza hendeli hatimaye, tukaisukuma kwa upole mbele na nyuma, injini ilitoa mlio mdogo ikazunguka.

Nimeufikiri sana mkasa huo. Wenzangu waliopeleka magari yao kwa mafundi wenye haraka walikuta boliti zimekatika ndani ya bloku na ringi zimevunjika, wakatumia fedha kuondoa madhara ya matengenezo kabla ya kuondoa madhara ya umri. Kutu ni kazi ya miaka, na dawa yake ya kwanza ni muda. Na muda, kwa mtu aliye peke yake na gari lake, ni kitu kigumu kukitoa, kwa sababu tamaa humwamsha usiku kwenda kujaribu tena. Mwenye familia hunyang'anywa spana kwa nguvu ya haki za wengine: mtoto ana homa, shangazi amekuja, mvua imebomoa banda la mbuzi. Huiita hali hiyo kizuizi. Walakini gari, lingekuwa na ulimi, lingeiita huruma. Stahamala niliyokuwa nayo katika kazi ile haikuwa fadhila ya tabia yangu. Nililazimishwa kuwa nayo, na hata stahamala ya kulazimishwa hufanya kazi yake kwenye chuma.

Silinda zilipelekwa Moshi kukerezwa, zikarudi na pistoni kubwa zaidi kidogo, na gasketi ile ambayo baba mkubwa aliitafuta mpaka akakata tamaa niliinunua Arusha kwa mazungumzo mafupi. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya themanini, na utalii ukaifanya Arusha kuwa mji wa Land Rover, vipuri vya magari hayo vikarudi madukani. Niliishika mkononi nikastaajabu jinsi karatasi nyembamba yenye shaba ilivyotosha kulifunga gari zima kizazi kizima; na nikaelewa kuwa vitu vingi tunavyoviita vibovu vimekosa kitu kimoja tu, pamoja na mtu wa kurudi kukitafuta wakati kinapopatikana.

Fedha ilikuwa na kanuni yake. Mke wangu aliandika katika daftari la shule, ukurasa umegawanywa kwa mstari: upande mmoja kilichotumika kwa gari, upande wa pili mahali kilikotoka. Mavuno ya jaruba moja yaliwekwa kwa ajili ya gari, pamoja na fedha ya maembe ya mwembe ule ule uliolitunzia kivuli. Penye upande wa pili patupu, upande wa kwanza haukuandikwa, na jioni hiyo tulikwangua kutu, maana kukwangua hakugharimu kitu. Watu wa nje hutucheka Wapare kwa kupenda hesabu, lakini hesabu imetufaa. Mwaka 1945 wazee wetu walikwenda kukaa Same kwa wingi kuipinga kodi ya mbiru, iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu, kwa sababu makadirio yenyewe hawakuyaona kuwa ya haki. Kutoa hawakukataa, walikataa kukisiwa. Nyumba nayo haipendi kukisiwa. Mara nyingi ugomvi juu ya gari bovu huletwa na giza linalozunguka bei yake kuliko bei yenyewe, na daftari lililo wazi mezani huondoa nusu ya ugomvi kabla haujazaliwa.

Umeme wa gari niliuacha mikononi mwa binti yetu, aliyekuwa kidato cha tatu. Panya walikuwa wamezitafuna nyaya, na kuku walikuwa wamefanya kisanduku cha fyuzi kuwa chago la kiota chao. Binti alichora ramani ya kila waya kwa kalamu za rangi, akakisoma kitabu cha maelekezo tulichoazima, na siku ya kufunga betri aliinua mkono akasema, "Baba, subiri kwanza. Hili ncha yake chanya ndiyo inayofungwa kwenye bodi, siyo hasi." Ndivyo yalivyokuwa magari mengi ya Kiingereza ya miaka ile, kinyume cha desturi ya leo, na anayeyafunga kwa mazoea huweza kuunguza vyombo. Yule mzee, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne na ambaye jambo hilo alilijua kwa miaka mingi ya kazi, alimtazama msichana huyo kwa taadhima, akamfundisha siku ile ile jinsi ya kupima nafasi ya vali, robo ya milimita, injini ikiwa baridi au moto. Tangu hapo mpango wa kuwaka kwa silinda, moja, tatu, nne, mbili, ulikuwa ukikaririwa jikoni pamoja na majedwali ya hesabu. Maarifa ya mzee na ya mtoto yalikutana juu ya bloku moja, na sioni mahali pengine pale kijijini ambapo yangekutana kwa usawa vile.

Kuhusu sura ya gari palikuwa na rai mbili. Vijana walitaka linyooshwe na kupigwa rangi inayong'aa. Wazee walitaka liachwe. Bodi yake ni ya aluminiamu, kwa kuwa Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948 chuma kilikuwa bado kinatolewa kwa mgao Uingereza baada ya vita. Kwa hiyo kutu haikuila, na kila kibonyeo kilikuwa mahali pake kikiwa na habari yake. Hapa liligongwa na ng'ombe siku ya harusi fulani. Pale liliegemea mwamba katika kona za kupanda Mamba, likiwa na mgonjwa ndani. Tulikata shauri kwamba kinachohusu uhai wa abiria kiwe kipya kabisa, na kinachohusu kumbukumbu kiachwe. Tuliosha, tukapaka rangi palipokuwa chuma kitupu, basi.

Injini iliwaka jioni moja kwa hendeli, kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine kama yule mzee alivyotuasa, maana hendeli ikirudi nyuma huvunja gumba lililoizunguka. Ilitoa moshi mwingi, kuku wakatawanyika, bibi akatoka kuuliza kuna nini. Sina mengi ya kusema juu ya saa ile. Furaha ilikuwapo, nayo ilikuwa ya kadiri, kwa sababu sehemu kubwa yake ilikuwa imekwisha gawanywa katika jioni zilizotangulia.

Mwezi wa Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha kubwa la Land Rover, na mamia ya magari hayo, mapya na makongwe, yakaandamana mjini. Jamaa walinihimiza nilipeleke la kwetu. Siku zile lilikuwa limeahidiwa harusi Gonja, na ahadi ya ukoo hutangulia. Siwadharau waliokwenda, ni jambo jema nchi kuyaheshimu magari yaliyoibeba. Katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, limewekwa gari la Rolls-Royce lililotumiwa na serikali ya kikoloni na kisha na Mwalimu Nyerere, na mtu akilitazama hupata somo la tarehe ambalo kitabu hakimpi. Kuna heshima ya kutazamwa, na kuna heshima ya kuitwa usiku pale mtu anapougua. Gari la nyumbani limeumbiwa hii ya pili, na matengenezo yake hayana budi kuielekea.

Kwa hiyo wasia wangu kwa mwenye gari bovu uani ni huu. Kabla hajauliza bei ya vipuri, aulize nyumba yake inaliogopea nini gari hilo, na jambo atakalotajiwa kwanza liwe ndilo la kwanza kutengenezwa. Aandike fedha mahali panapoonekana na kila mtu. Aikabidhi kwa watoto kazi iliyo kazi kweli, yenye madhara ikikosewa, asiwape ya kuwapumbaza. Shughuli za nyumbani zikimwita aende, na aende akijua kwamba oili inaendelea kupenya. Atakayefuata njia hii hatamaliza upesi, wala gari lake halitashinda tuzo. Ila siku litakapotoka langoni halitahitaji kutafuta abiria, kwa kuwa litakuwa nao tangu lilipokuwa likisukumwa kwa mikono yao.